Kubadili vipimo vya keki vya Marekani na Uingereza kuwa gramu

Resipi nyingi za keki tunazozikuta mtandaoni zimeandikwa Marekani, kwa vikombe, wakia na Farenhaiti, ilhali sisi unga tunanunua kwa kilo na mizani zetu zinasoma gramu. Mimi huoka keki za kuuza, na kila resipi mpya naibadili yote kuwa gramu kabla sijawasha oveni. Tuchukue keki ya ndizi: unga vikombe 2, sukari kikombe 1, siagi "stick" 1, ndizi za kuponda kikombe 1, maziwa nusu kikombe, mayai 2, bekingi pauda vijiko 2 vya chai, moto nyuzi 350, chombo cha inchi 9 kwa 5.

Hatua ya 1: Jua resipi imetoka wapi

Painti ya Marekani ni mililita 473, ya Uingereza ni 568. Kijiko cha chakula ni mililita 15 katika nchi hizo mbili, lakini Australia ni 20. Ukiona vikombe na Farenhaiti, mwandishi ni Mmarekani. Ukiona "gas mark", yaani namba za moto kwenye oveni za gesi za Uingereza, ni Mwingereza. Gas mark 4 ni nyuzi 180 za Selsiasi. Yetu ni ya Marekani.

Hatua ya 2: Pima kikombe chako kwa maji

Kikombe cha Marekani ni mililita 237, na wengi huandika 240. Vikombe vya chai vya nyumbani havina saizi moja, kwa hiyo usivitumie kabla ya kuvijaribu. Weka kikombe juu ya mizani, irudishe kwenye sifuri, jaza maji. Gramu moja ya maji ni mililita moja, basi namba unayoiona ndiyo ujazo wake. Kama huna mizani, chukua chupa ya maji ya nusu lita: inajaza kikombe cha Marekani mara mbili na kubakiza karibu vijiko viwili vya chakula.

Hatua ya 3: Unga, na hapa usiharakishe

Kikombe kinapima nafasi, hakipimi uzito, sawa na kibaba: kibaba cha mchele na kibaba cha unga havilingani kwenye mizani. Tena unga wenyewe hubadilika kulingana na mkono wa mpimaji. Ukiutia kwenye kikombe kwa kijiko, taratibu, kisha ukausawazisha kwa mgongo wa kisu, utapata gramu 120 hadi 125. Ukikizamisha kikombe ndani ya mfuko ukachota, unafika 140 au hata 150. Kwa vikombe viwili hiyo ni ziada ya gramu 40 au 50, na keki inatoka kavu, nzito, imepasuka juu.

Fannie Farmer, mwalimu wa upishi wa Boston, alihimiza vipimo vya kusawazishwa tangu mwishoni mwa karne ya 19, na waandishi wengi wa Marekani bado wanakusudia hivyo. Mimi nahesabu 125 kwa kikombe. Keki yetu basi inataka unga gramu 250.

Hatua ya 4: Vingine vyote

Sukari nyeupe: gramu 200 kwa kikombe, kwa hiyo pakiti ya kilo ni vikombe vitano. Ndizi za kuponda: 225. Maziwa nusu kikombe: mililita 120. Mafuta ya kupikia, resipi ikiyataka: gramu 220 kwa kikombe.

"Stick" ni mche wa siagi wa gramu 113, yaani nusu kikombe. Kwenye pakiti ya gramu 250, kata katikati, kisha punguza kiasi kisichofika kijiko kimoja cha chakula.

Bekingi pauda iache kwa vijiko. Mizani nyingi za jikoni hazisomi vizuri gramu mbili tatu.

Mayai ya resipi za Marekani ni makubwa, kama gramu 50 kila moja bila ganda. Ya kienyeji mara nyingi ni madogo. Yapasue, yapige, upime gramu 100, hata kama itabidi uongeze la tatu.

Angalia sana "oz" na "fl oz". Ya kwanza ni wakia ya uzito, gramu 28. Ya pili ni ya ujazo, kama mililita 30. Unga 8 oz ni gramu 227. Maziwa 8 fl oz ni kikombe kimoja kamili. Ratili, inayoandikwa "lb", ni gramu 454.

Hatua ya 5: Moto

Kubadili Farenhaiti kuwa Selsiasi, toa 32, zidisha kwa 5, gawa kwa 9. Nyuzi 350 zinakuwa 177, weka 175. Oveni yenye feni ipunguze nyuzi 20 zaidi.

Hatua ya 6: Chombo

Inchi moja ni sentimita 2.54, kwa hiyo chombo chetu ni 23 kwa 13. Huna cha mstatili? Cha duara chenye kipenyo cha sentimita 20 kina eneo karibu sawa, na keki itapanda kimo kilekile. Cha duara cha sentimita 23 ni kikubwa kwa zaidi ya theluthi: keki itakuwa nyembamba na itawahi kuiva, hivyo anza kuichoma kijiti dakika kumi na tano kabla ya muda ulioandikwa.