Kadimi na ujauzito: anza na chuma

Kadimi ni metali yenye sumu. Haina kazi yoyote mwilini, na ikishaingia haitoki upesi: kwenye figo, nusu yake huchukua miaka 10 hadi 30 kutoka. Utumbo hauna mlango wa kuipitisha. Hujipenyeza kwenye mlango wa chuma. Akiba ya chuma ikipungua, kama inavyotokea mara nyingi kwa wajawazito, utumbo huongeza milango hiyo ili udake chuma zaidi, na kadimi hupita humo humo. Kwa hiyo mama mwenye upungufu wa chuma hufyonza kadimi nyingi kuliko mwenzake, hata wakila sahani moja.

Ikifika kwenye kondo la nyuma, hunaswa na protini iitwayo metalothionini. Ndiyo maana damu ya kitovu huwa na kadimi kidogo kuliko ya mama. Kipimo hicho kisikudanganye: protini hiyo hiyo hushika pia zinki na shaba, mtoto akabaki na mgawo pungufu wa madini anayokulia.

Basi anza na vidonge vya kuongeza damu: miligramu 30 hadi 60 za chuma na mikrogramu 400 za foliki kila siku, tangu mimba changa. Usisubiri himoglobini ya damu ishuke chini ya gramu 11 kwa desilita, maana akiba hukauka kabla ya hapo. Meza kwa maji au juisi ya chungwa. Chai na kahawa zisubiri saa moja au mbili. Kama umepewa na kalsiamu, imeze saa nyingine, kwani hugombana na chuma. Dagaa wanaoliwa na mifupa yao wana kalsiamu nyingi.

Zinki itafute kwenye nyama, mbegu za maboga na maharage. Maharage yaloweke usiku kucha na maji yake yamwage. Unga wa uji uchachushe. Hapo fitiki, asidi ya nafaka na maharage inayofunga zinki na chuma, hupungua. Lakini usijinunulie vidonge vikali vya zinki: ukizidi miligramu 40 kwa siku kwa muda mrefu, unaizuia shaba.

Sasa vyanzo. Sigara moja ina mikrogramu 1 hadi 2 za kadimi, na mapafu huifyonza vizuri kuliko utumbo; moshi wa mume sebuleni nao umo. Udongo wa kula, pemba au odowa, una hasara mbili: hunasa chuma tumboni, na unaweza kuja na metali zake. Hamu yake yenyewe mara nyingi ni dalili ya upungufu wa chuma, kwa hiyo mama apimwe, asigombezwe. Figo za ng'ombe ziache. Mchicha ukiuosha unatoa vumbi tu. Kadimi iliyopanda na mizizi iko ndani ya jani, hivyo uliza ulilimwa wapi, na uukwepe wa kando ya jalala au panapochomwa betri na vifaa vya umeme.

Dawa za mtaani za "kusafisha sumu" usiziguse. Hata dawa halisi za kuondoa metali zinaweza kuitoa mwilini na zinki pia.

Ukipimwa, damu huonyesha kadimi ya karibuni, mkojo ule mzigo wa miaka. Mkojo wa mjamzito hubadilika wepesi na uzito, kwa hiyo jibu lisomwe pamoja na kreatinini, taka ya misuli inayotoka na mkojo.