Kubalansi ekwesheni za kemia: oksijeni iache mwisho

Wengi wanaosumbuka na kubalansi ekwesheni, yaani kufanya atomu za kila elementi zilingane pande zote mbili za mshale, hesabu wanaijua vizuri tu, shida ni pa kuanzia. Wanakimbilia oksijeni kwanza, halafu kila wakirekebisha upande huu ule mwingine unaharibika, wanazunguka hapohapo mpaka wanakata tamaa. Tuchukue butani ikiungua, maana hii inawatoa watu jasho:

C4H10 + O2 → CO2 + H2O

Hatua ya 1. Kagua fomula kabla hujagusa kitu. Oksijeni ikiwa peke yake inaandikwa O2 sio O, na ziko hivyohivyo H2, N2, F2, Cl2, Br2 na I2. Fomula zikishakuwa sawa, namba ndogo za chini HAZIGUSWI tena. Ukigeuza H2O iwe H2O2 ili oksijeni zitoshe, hayo sio maji tena, ni haidrojeni peroksaidi, umeleta kitu kingine kabisa. Unachoruhusiwa kuweka ni namba kubwa ya mbele, basi.

Hatua ya 2. Hesabu atomu, andika pembeni. Kushoto C 4, H 10, O 2. Kulia C 1, H 2, O 3, yaani mbili za CO2 na moja ya kwenye maji, na hiyo moja ndo huwa inasahaulika sana.

Hatua ya 3. Anza na kaboni, weka 4CO2. Kisha haidrojeni, weka 5H2O.

Hatua ya 4. Sasa ndo oksijeni. Kulia zimekuwa 8 + 5 = 13, kushoto zinakuja mbilimbili, na 13 haigawanyiki kwa 2. Hapa watu wanafuta kila kitu, wewe usifute! Weka 13/2 mbele ya O2 halafu zidisha ekwesheni nzima kwa 2:

2C4H10 + 13O2 → 8CO2 + 10H2O

Hakiki: C 8 kwa 8, H 20 kwa 20, O 26 kwa 26. Tumeiacha mwisho kwa sababu O2 kule kushoto imesimama peke yake, kwa hiyo namba yoyote utakayoiweka mbele yake haivurugi kaboni wala haidrojeni. Elementi yoyote iliyo peke yake ifanyie hivyohivyo, hata kama sio oksijeni.

Kwenye ekwesheni zenye makundi ya atomu kama SO4, NO3 au OH, ikiwa kundi limevuka mshale likiwa zima usilivunje, lihesabu kama kitu kimoja. Mfano:

Al2(SO4)3 + Ca(OH)2 → Al(OH)3 + CaSO4

SO4 ziko 3 kushoto, so weka 3CaSO4. Hiyo inadai 3Ca(OH)2, OH zinakuwa 6, na Al ziko 2 kwa hiyo 2Al(OH)3, ambayo nayo ina OH 6. Imekaa:

Al2(SO4)3 + 3Ca(OH)2 → 2Al(OH)3 + 3CaSO4

Ungevunja oksijeni mojamoja hapo ungehesabu 18 kila upande, kazi ndefu ya bure. Na ukimaliza namba zote za mbele zikawa zinagawanyika, mfano 4, 2 na 4, zigawanye kwanza zibaki 2, 1 na 2 ndo uandike jibu.