Somo: Kukaza bolti za silinda hedi kwenye injini ya dizeli

Nimeandika somo hili kwa sababu kila mara naulizwa bolti za hedi (kifuniko cha juu cha silinda, kinachofungwa juu ya bloku) zinakazwa toki ngapi, yaani kwa nguvu kiasi gani ya kuzungusha, kana kwamba namba moja inafaa injini zote. Namba iko kwenye mwongozo wa injini yako. Mimi naeleza yanayoifanya namba hiyo iwe na maana.

1. Safisha uso wa hedi na wa bloku, kisha pima unyoofu wake kwa rula ya chuma na fila geji (vibamba vyembamba vya kupimia nafasi).

2. Safisha hesi (meno ya mzunguko) za bolti. Iliyorefuka, iliyopungua unene katikati au iliyoliwa na kutu usiirudishe.

3. Kausha matundu ya bloku. Matundu mengi hayatokezi upande wa pili, hivyo oili au maji yaliyobaki chini hukosa njia bolti inaposhuka, na kwa kuwa kimiminika hakikubali kubanwa, nguvu yote huishia kwenye kuta za tundu. Niliwahi kuosha bloku kwa dizeli nikaipuliza juu juu tu. Bolti ya saba iliwahi kuwa ngumu kuliko wenzake, spana ya toki ikalia kuashiria kipimo kimefika, nami nikaridhika. Injini ilipopata moto maji yalianza kuvuja, na nilipofungua nikakuta ufa mwembamba kama unywele ukishuka kutoka kwenye mdomo wa tundu lile. Bloku ya mteja iliharibika kwa dizeli isiyojaa kijiko. Tangu siku ile napuliza kila tundu kwa mpira mwembamba unaofika chini kabisa, nikiwa nimevaa miwani, kisha nazamisha kijiti kilichozungushiwa kitambaa. Kikitoka na unyevu, narudia.

4. Paka oili kidogo kwenye hesi na chini ya kichwa cha bolti, kama mwongozo unavyoagiza. Takriban asilimia 10 tu ya nguvu ya mkono ndiyo huivuta bolti. Iliyobaki huliwa na msuguano. Ndiyo maana bolti kavu na yenye oili, zote zikikazwa Nm (nyutoni mita, kipimo cha toki) 100, hazibani sawa.

5. Anza katikati kuelekea nje, kwa awamu, ukifuata mchoro wa mwongozo.

6. Ukitakiwa kumalizia kwa digrii, yaani kuzungusha bolti kwa pembe iliyotajwa baada ya toki ya mwanzo, tia alama ya rangi kwenye kila kichwa kabla ya kuzungusha.

Swali: Fundi, naomba toki ya injini ya dizeli ya silinda 4.

Jibu: Tafadhali soma aya ya kwanza.

Swali: Nimefunga injini nyingi bila kukausha matundu na hakuna kilichopasuka. Unawatisha watu bure.

Jibu: Mimi pia nilikuwa nimefunga nyingi kabla ya ile. Ufa niliuona kwa macho yangu, na hatua ya 3 siiondoi.

Swali: Mwalimu, kwa nini injini nyingine humalizia kwa digrii badala ya toki?

Jibu: Ahsante kwa kuuliza hili. Toki hudanganywa na msuguano, lakini mzunguko haudanganyiki: hesi yenye hatua (umbali kati ya jino na jino) ya mm 1.5 ikizungushwa digrii 90 husogea mm 0.375, iwe na oili nyingi au kidogo. Toki ndogo ya mwanzo kazi yake ni kulaza gasketi na hedi mahali pake. Bolti nyingi za aina hii huvutwa hadi zisiweze tena kurudi kwenye urefu wake wa awali, kwa hiyo baadhi ya watengenezaji huagiza zitupwe kila zifunguliwapo, na wengine hutoa urefu wa mwisho unaoruhusiwa, ambao utaupima kwa kalipa.

Swali: Mwongozo wangu unataja futi-pauni, na spana yangu inasoma Nm.

Jibu: Zidisha kwa 1.356, futi-pauni 80 ni kama Nm 108.5.

Swali: Na spana yenyewe inatunzwaje?

Jibu: Spana ya toki inayotoa mlio irudishe kwenye alama ya chini kabisa ya kipimo chake, usiivuke, kwa sababu springi ikilala imebanwa hupoteza usahihi. Shika kwenye mpini wake, vuta taratibu bila kusita, ikilia mara moja acha. Kufungulia bolti tumia spana nyingine.