Kabla ya Kuwasha Trekta Kuukuu Lililolala: Oili Itangulie

Trekta lililolala miezi au miaka halina oili mahali inapohitajika. Yote imeshuka kwenye sampu (bakuli la oili chini ya injini), na beringi za kranki, shafti kuu inayozungushwa na pistoni, zimebaki na utando mwembamba tu, au zimekauka kabisa. Ukipiga stata na injini ikashika papo hapo, chuma kinasugua chuma kwa sekunde kadhaa kabla pampu ya oili haijafikisha kitu juu. Ndiyo maana kazi kubwa hufanywa kabla injini haijaonja dizeli.

Mfano wetu ni Massey Ferguson 135 yenye injini ya Perkins AD3.152, silinda tatu, lita 2.5. Matrekta haya yalianza kuundwa Coventry, Uingereza, mwaka 1964, na huku Kenya na Tanzania bado yapo yanayolima. Kwa trekta la aina nyingine utaratibu ni uleule. Vipimo vifuate kitabu chake.

Anza kwa kuhakikisha injini inazunguka. Vuta kishikio cha kuzimia injini, weka gia ya juu kabisa, kisha sukuma trekta mbele na nyuma kwa tairi kubwa. Feni ikisogea, kranki iko huru. Ikigoma, usilazimishe kwa stata wala kwa kuvutwa na gari. Toa nozeli (virushio vya dizeli), mimina oili nyepesi kidogo kwenye kila silinda, vijiko viwili au vitatu, uache siku kadhaa ndipo ujaribu tena. Nozeli zibaki nje hadi oili hiyo irushwe yote. Kimiminika hakibanwi, kwa hiyo silinda iliyojaa oili ikifungwa na kupigwa stata inapinda koni rodi, yaani mkono unaounganisha pistoni na kranki. Chanzo cha kugoma mara nyingi ni mvua iliyoingia kupitia ekzosi ya kusimama isiyo na kifuniko. Kopo lililofunikwa juu ya bomba lingetosha kuizuia.

Sasa chomoa dipstiki, kijiti cha kupimia oili. Kiwango kilichopanda juu ya alama bila mtu kuongeza oili kina maana moja: kuna kitu kingine kimeingia. Nusa. Harufu ya dizeli na oili nyepesi inayoteleza kama maji vinaelekeza kwanza kwenye pampu ndogo ya dizeli iliyo ubavuni mwa injini, ile inayosukumwa na kamshafti (shafti inayofungua valvu). Utando wake wa mpira ukichanika, dizeli inashuka moja kwa moja kwenye sampu. Utando ukiwa mzima, shuku sili (mpira wa kuzuia uvujaji) ya shafti ya pampu kubwa inayopeleka dizeli kwenye nozeli, au nozeli inayovuja. Oili yenye rangi ya maziwa ina maji: angalia gasketi ya silinda hedi (kifuniko cha juu cha silinda), na hedi yenyewe kama ina ufa.

Hapa iko hatua ambayo wengi huiruka. Kwa kawaida oili humwagwa ikiwa ya moto, lakini ya trekta lililolala ifungue ikiwa baridi, baada ya kukaa usiku kucha bila kuguswa. Weka chombo safi cheupe chini, legeza nati ya sampu polepole kwa spana, usiitoe. Maji ni mazito kuliko oili, hivyo yakiwepo yatatangulia: matone machache, kisha uzi mwembamba, halafu ndipo oili nyeusi ifuate. Matone mawili matatu yanaweza kuwa unyevu wa hewa tu. Robo kikombe ni tatizo, na kubadilisha oili peke yake hakutalitatua.

Kama trekta limetumia kwa miaka oili za kizamani zisizo na dawa ya kusafisha, au hujui limetumia nini, shusha sampu kabla ya kuweka oili ya kisasa. Oili ya leo inabandua utope uliogandana, na utope huo unakwenda kuziba chujio la pampu. Sampu ni ya chuma cha kumimina, nzito, kwa hiyo iwekewe jeki na washike watu wawili. Kusuuza injini kwa dizeli au mafuta ya taa hatushauri hata kidogo, maana yanayobaki ndani yanaifanya oili mpya iwe nyepesi kupita kiasi.

Kwenye filta ya oili, ile ya bakuli, toa pete ya zamani ya mpira kwenye mfereji wake kwa kijiti chenye ncha. Pete mbili zikipandana, filta huonekana imekaza vizuri, kisha oili yote inamwagika nje ndani ya dakika chache za kwanza. Oili ya 15W-40 inafaa. Kwenye joto la pwani, injini iliyochakaa hukaa vizuri zaidi na SAE 40. Jumla ni karibu lita 7 pamoja na filta. Mimina 6, subiri, pima, kisha ongeza kidogokidogo hadi alama ya juu, usiipite. Oili iliyozidi inapigwa na kranki ikatoa povu, na inaweza kupita sili ya nyuma ikalowesha klachi. Chini ya nyumba ya klachi kuna tundu dogo lenye pini; hakikisha halijazibwa na matope, kwa sababu hapo ndipo uvujaji huo hujionyesha.

Safisha bakuli la chujio la hewa, ulijaze oili ya injini hadi alama tu. Ikizidi, injini huivuta na kuichoma kama dizeli, ikakimbia yenyewe. Kishikio cha kuzimia hakitasaidia hapo, kwa kuwa kinakata dizeli peke yake. Weka karibu ubao bapa wa kuziba mdomo wa hewa, wala usitumie kiganja.

Toa maji yaliyotuama kwenye bakuli la filta ya dizeli, kisha utoe hewa kwenye njia ya dizeli. Pampu kubwa ya injini hii, ya chapa ya CAV, inalainishwa na dizeli yenyewe, hivyo maji au mafuta ya taa huila haraka. Jaza rejeta, piga grisi kwenye nipeli za mbele. Oili ya gia, ambayo ndiyo pia ya haidroliki, ikiwa nyeupe, angalia mpira wa mkono wa gia.

Ukiwa umefungua kifuniko cha valvu, weka nafasi ya milimita 0.30 kati ya valvu na roka (mkono mdogo unaoisukuma) injini ikiwa baridi. Kisha, kishikio cha kuzimia kikiwa kimevutwa, piga stata sekunde 10, pumzika dakika moja, rudia mpaka geji ya oili ipande na oili ionekane ikichuruzika kwenye kila roka. Roka moja ikibaki kavu, zibua njia yake kwanza.

Hapo ndipo uwashe, kwa mwendo mdogo. Geji isipopanda ndani ya sekunde 10, zima. Injini ikishapata moto na kukimbia mwendo wake kamili, tarajia shinikizo la oili la psi 30 hadi 60. Baada ya saa 10 za kazi nyepesi mwaga oili hiyo ikiwa ya moto, badilisha filta, kisha pasua ile ya zamani: chembe zinazong'aa kwenye karatasi yake zinatoka kwenye beringi, na trekta lisiingie shambani mpaka beringi hizo zikaguliwe.