Kuinuka kwa Kengele ya Kwanza: Namna ya Kujenga Asubuhi Yenye Kazi Maalumu

Mtu anayeazimia kuamka mapema aghalabu huanza kwa kupanga kengele tatu katika simu yake, moja ya saa kumi na moja kamili alfajiri, nyingine ya saa kumi na moja na robo, na ya mwisho ya saa kumi na moja na nusu. Kwa kufanya hivyo amekwisha kujiambia kwamba kengele ya kwanza ni ya mzaha na ya pili inajadilika, na hilo ndilo atakalolikumbuka alfajiri badala ya azma yake. Njia ninayoipendekeza hapa ni kengele moja, kwa saa ileile kila siku, na nyuma yake mlolongo mfupi wa vitendo vilivyokwisha kuamuliwa usiku, ili pale kitandani pasibaki jambo lolote la kuamua.

Sababu ya kusisitiza hilo ni ya kimwili. Uzito wa kichwa unaompata mtu akigutuka usingizini ni hali ya kawaida ambayo hudumu kati ya robo saa na nusu saa, wakati mwingine hata saa nzima, nayo huwa kali zaidi ikiwa kengele imemkuta katika usingizi mzito au ikiwa alilala muda mchache. Katika muda huo uwezo wa kupima mambo huwa umepungua, na ndiyo maana hoja zinazoonekana za busara kabisa alfajiri, kwamba leo hakuna jambo la haraka au kwamba dakika tano hazimwangushi mtu, huonekana za kitoto ifikapo saa mbili asubuhi. Kujadiliana na nafsi wakati huo ni kupeleka kesi kwa hakimu anayesinzia. Hata hivyo haki itendeke: utafiti wa wataalamu wa Chuo Kikuu cha Stockholm uliochapishwa mwaka 2023 haukuona kwamba kuahirisha kengele kwa nusu saa kunawadhuru watu waliokwisha kuzoea kufanya hivyo. Kwa hiyo siikatai tabia hiyo kwa kisingizio cha afya. Naikataa kwa sababu nusu saa hiyo ndiyo hasa tunayoitafuta.

Hatua ya kwanza hufanyika kwa kalamu na karatasi, na hesabu yake huanzia mwisho kurudi nyuma. Tumchukue mtu anayeishi Mbagala na kufanya kazi Posta, Dar es Salaam, ambaye ili afike ofisini saa mbili bila kuhangaishwa na foleni ni lazima awe barabarani saa kumi na mbili kamili. Kuoga, kuvaa na kunywa chai humchukua dakika thelathini na tano. Anasomea mitihani ya Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, na anataka dakika thelathini za kufanya maswali kabla kichwa hakijachoshwa na kazi za mwajiri. Tukiongeza dakika kumi za kuinuka na kuondoa uzito wa usingizi, tunapata saa moja na robo, yaani kengele yake ilie saa kumi na moja kasoro robo. Hapo hesabu haijakwisha. Mwaka 2015 jumuiya mbili za wataalamu wa usingizi nchini Marekani zilikubaliana kwamba mtu mzima anahitaji angalau saa saba za usingizi kila usiku. Kwa hiyo mtu wetu anatakiwa awe amekwisha kushikwa na usingizi saa nne kasoro robo usiku.

Wengi huishia hapo, kwani saa nne kasoro robo ni mapema mno kwa mtu mwenye simu mkononi, na mechi kubwa za Ulaya huanza saa nne au saa tano usiku kwa saa za Afrika Mashariki. Anayetaka kuangalia mpira hadi saa saba na kuamka saa kumi na moja kasoro robo ataweza siku ya kwanza, labda na ya pili, kisha mwili utadai deni lake. Ni afadhali kuchagua usiku mmoja wa mpira na kukubali kwamba asubuhi yake haitakuwa na kitabu, kuliko kuamini kwamba nidhamu itashinda upungufu wa usingizi. Kahawa na chai ya majani nazo ziangaliwe, kwani nusu ya kafeini iliyonywewa bado imo mwilini baada ya takriban saa tano. Kikombe cha saa kumi na mbili jioni kinafanya kazi hata wakati wa kulala.

Baada ya saa ya kulala, kinachofuata ni maandalizi. Nguo zipigwe pasi usiku, maana umeme haumngoji mtu asubuhi. Ndoo za maji zijazwe. Chupa ya chai ijazwe maji ya moto ili asubuhi pasiwe na haja ya kuwasha jiko. Kitabu kiwekwe mezani kikiwa kimefunguliwa kwenye swali litakaloanza, na kalamu juu yake. Simu nayo ichajiwe mbali na kitanda, nje ya chandarua. Jambo hili ni dogo lakini lina nguvu kuliko azma nyingi: aliyechomekea chandarua vizuri chini ya godoro hawezi kuizima kengele bila kuchomoa pindo, kushusha miguu sakafuni na kutembea hatua kadhaa, na akishafika kwenye simu amekwisha kusimama. Anayelala chumba kimoja na wengine apunguze sauti lakini asiisogeze simu karibu. Na ni adabu kuwaeleza wenzake mapema, wasije wakadhani nyumba imevamiwa.

Dakika kumi za kwanza zipangwe kwa mfuatano usiobadilika, kila kitendo kikikiita kinachofuata. Mwanasaikolojia Peter Gollwitzer ameonyesha kwamba anayepanga kwa namna ya "likitokea hili, nitafanya hili" hutekeleza nia yake vizuri zaidi kuliko anayesema tu kwamba atajitahidi. Basi andika: kengele ikilia, nitashusha miguu, nikiizima, nitawasha taa, nikiwasha taa, nitatandika kitanda, nikishatandika, nitanawa uso na kupiga mswaki, nikitoka hapo, nitamimina chai na kuketi mezani. Kwa Mwislamu, udhu na Sala ya Alfajiri huingia humo bila shida, ila ahesabu muda wake, na ajue kwamba hatari kubwa ni ile dakika baada ya kukunja mswala, wakati kitanda kikiwa bado na joto. Kitanda kilichokwisha kutandikwa husaidia sana hapo.

Taa isipuuzwe. Mwanga ndio unaoiongoza zaidi saa ya ndani ya mwili, ile ambayo uchunguzi wa namna inavyofanya kazi uliwapatia Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2017. Dar es Salaam jua huchomoza karibu na saa kumi na mbili mwezi Desemba na yapata saa kumi na mbili na dakika thelathini na tano mwezi Julai, kwa hiyo mtu wetu huamka gizani mwaka mzima. Awashe taa yenye mwanga wa kutosha, kisha kunapopambazuka asitembee kituoni akiwa ameinamia simu. Mwanga wa asubuhi machoni ndio unaousaidia mwili kusinzia mapema usiku unaofuata.

Nusu saa iliyopatikana iwe na kazi moja, nayo iwe na jina. "Kujiendeleza" si kazi. "Maswali mawili ya kodi" ni kazi. Orodha za mambo saba ya kufanya kabla ya jua kuchomoza, kuanzia mazoezi hadi kuandika shajara, zinapendeza kusoma lakini humgeuza mtu kuwa mtumwa wa asubuhi yake. Simu ikishazimwa kengele ibaki ilipo, maana ujumbe mmoja wa kundi la ukoo unatosha kula dakika kumi na tano.

Kuna wasomaji ambao haya yote yatawachekesha. Wanawake wengi tayari huamka alfajiri mbichi, wakaandaa uji, wakawaogesha watoto na kuwapeleka kwenye gari la shule, bila kuhitaji mwongozo wa mtu. Shida yao ni kwamba kila dakika ya asubuhi ina mwenyewe, naye si wao. Kwa mama wa namna hiyo, kuamka mapema zaidi kunapunguza usingizi tu. Kinachotakiwa ni mazungumzo ya nyumbani kuhusu nani atapiga pasi sare na nani atachemsha uji, na mazungumzo hayo yafanyike jioni, watu wakiwa wameshiba.

Anayeamka sasa saa moja asubuhi asirukie saa kumi na moja kwa siku moja. Asogeze kengele nyuma kwa robo saa, akae hapo siku tatu au nne, kisha asogeze tena, na saa ya kulala nayo isogee vivyo hivyo. Mwishoni mwa juma asiipitilize kengele yake kwa zaidi ya dakika sitini, la sivyo Jumatatu ataanza upya. Phillippa Lally na wenzake wa London, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2010, waliona kwamba tabia mpya ilichukua wastani wa siku 66 kuwa ya kawaida, huku wengine wakihitaji siku 18 na wengine wakikadiriwa kuhitaji 254. Waliona pia kwamba kukosa siku moja hakukuvuruga mwendo. Aliyepitiwa leo basi apange kengele ileile kesho, bila kujiadhibu.

Mlinzi au muuguzi wa zamu ya usiku aachane na ratiba hii, alale kwanza. Na mtu anayelala saa za kutosha kwa wiki kadhaa na bado anaamka hoi, hasa ikiwa anakoroma kwa nguvu na kukatika pumzi usingizini, anahitaji daktari.

Kazi ya asubuhi nayo huisha. Mtihani wa Novemba ukishafanyika, meza huwa haina swali la kufungua, na kengele hulia bila sababu; ni vema kazi inayofuata iwe imechaguliwa wiki moja kabla ya mtihani, au isogezwe kengele hadi saa kumi na moja na robo kwa muda wa mapumziko.