Paipu Ije Yenyewe: Kurudisha Ekzosi ya Turbo kwenye NQR ya Zamani

Nati ya chini inayofunga paipu ya moshi kwenye turbo ya lori, ile feni inayozungushwa na moshi ili kuisukumia injini hewa, iko upande wa ndani na huioni. Unaigusa kwa ncha ya kidole cha kati, bega limeegemea chasisi na shavu limebanwa na mabati, na hapo ndipo mafundi wengi hukata tamaa. Wanafunga zile zinazoonekana, wanawasha injini, hawasikii kelele, wanampa dereva ufunguo. Wiki mbili baadaye lori liko kwangu hapa Nakuru, gasketi ya kuzuia moshi imeliwa upande mmoja na kwenye flanji, ule uso bapa wenye matundu mwishoni mwa paipu, kuna doa la masizi lenye umbo la ulimi.

Nina miaka 19 kwenye injini za dizeli, mingi nikihudumia malori ya viazi yanayoshuka kutoka Molo na Mau Narok. Mkono wangu ni mwembamba, ndiyo maana gereji za jirani huniita paipu ya turbo inapowashinda. Lakini mkono peke yake hausaidii kama kazi imeanzwa vibaya. Lori lililonifanya niandike haya ni Isuzu NQR yenye injini ya 4HG1 ya turbo. Paipu ilikuwa imefunguliwa kwingine ili gia boksi ishushwe, ikarudishwa mbiombio. Dereva, mzee mmoja mpole, aliniambia, "Mama, tangu nitoke Salgaa macho yananiwasha." Nilipoinua kebini nikakuta nati moja haimo kabisa na nyingine imeingia kwa mshazari.

Jambo ninalomwambia kila kijana anayejifunza kwangu ni hili: paipu ije kwenye turbo yenyewe, isivutwe na nati. Turbo si hanga, yaani kishikilio cha kubebea paipu. Nyumba yake upande wa moshi ni chuma cha kumimina, kigumu lakini hakipendi kupindwa. Lori likipanda mlima na mzigo, chuma hicho hupata joto la mamia ya nyuzi. Ukikiongezea uzito wa paipu na sailensa, pamoja na mtikisiko wa barabara ya mashimo, stadi, ile bolti isiyo na kichwa inayopokea nati, itakatika au sikio la flanji litapasuka. Mwaka 2014 niliivuta paipu iliyokuwa imebaki nyuma kidogo, pengine milimita 8, kwa kukaza nati tu. Nikaona zimekaa. Lori lilienda Timboroa na kurudi na stadi mbili zimekatika. Nilimlipia mwenyewe gharama zote, na tangu siku hiyo sikazi nati yoyote kabla paipu haijakaa bila kulazimishwa.

Kabla hujafungua chochote, jua moshi unatokea wapi. Ukitoka kabla ya turbo, yaani kwenye manifoldi inayokusanya moshi wa injini au pale turbo inapoungana nayo, ule msukumo wa kuzungusha feni unapotea: lori linakosa nguvu na kutoa moshi mweusi. Huko Timboroa, zaidi ya mita 2,700 juu ya usawa wa bahari ambako hewa ni nyepesi, dereva ataliona tatizo mara moja. Ukitoka baada ya turbo, kwenye paipu tunayoizungumzia, nguvu inaweza kubaki ileile na dereva asishtuke. Lakini moshi wa moto unapuliza nyaya, mpira wa klachi na paipu za breki, na sumu yake inapanda kwenye kebini. Kwa hiyo usiseme "lori linavuta vizuri" ukaliacha hivyo.

Fanya kazi hii injini ikiwa imepoa, ikiwezekana imelala usiku mzima. Weka vizuizi kwenye magurudumu. Inua kebini hadi nguzo yake ijifunge, kisha iangalie kwa macho kwamba imejifunga. Usiku huohuo wa kwanza nyunyizia nati zote kuukuu mafuta ya kulegeza kutu, mpaka zile za nyuma kwenye sailensa.

Kazi inaanzia nyuma. Vijana wengi hukimbilia kwenye turbo kwa sababu ndiko kwenye tatizo. Mimi nalegeza klampu ya sailensa kwanza, halafu bolti za hanga zote, mpaka paipu nzima icheze kama mlango wa geti ukiisukuma kwa mkono mmoja. Kama haichezi, kuna mahali bado imeshikwa na kutu, tafuta. Toa pia bati la kuzuia joto. Bolti zake ndogo hukatika ovyo, lakini ni afadhali utafute nyingine kuliko kufanya kazi bila kuona.

Sasa ziba mdomo wa turbo kwa kitambaa safi cha rangi kali, mkia wake ukining'inia nje ili usikisahau. Nati ikidondoka humo, usiwashe injini kwa hali yoyote mpaka umeitoa. Sumaku itakusaidia kama nati ni ya chuma, lakini haishiki shaba tupu.

Safisha stadi kwa brashi ya waya. Halafu chukua nati mpya uizungushe kwa vidole vitupu. Inatakiwa iende hadi mwisho bila spana. Ikikwama, uzi umeharibika: pitisha dai, kifaa cha kuchonga uzi upya, au badilisha stadi kwa kufunga nati mbili juu yake zikabane, uing'oe kwa ile ya chini. Angalia uzi kabla ya kununua, maana kuna M10, yaani ya kipenyo cha milimita 10, yenye uzi wa milimita 1.25 na kuna ya 1.5, na kwenye kaunta zinafanana. Malori mengi ya Kijapani nati ya M10 hufunguliwa kwa spana ya 14, na ya M8 kwa ya 12.

Weka rula ya chuma juu ya flanji ya paipu na umulike tochi nyuma yake. Mwanga ukipenya katikati ya matundu, flanji imepinda. Isawazishe taratibu kwa tupa bapa. Gasketi iwe mpya, ya chuma. Usipake silikoni ya kawaida, maana joto la hapo litaichoma, na kile kilichobaki kitakuwa njia ya moshi. Tone mbili za grisi zinatosha kuishikilia gasketi isianguke wakati unainua paipu. Zitatoa harufu dakika za kwanza, kisha zitaisha.

Toa kitambaa. Inua paipu kwa jeki ndogo yenye ubao juu yake, kidogo kidogo, huku mtu mwingine akiielekeza kutoka juu. Hapa ndipo unapojua kama kazi itadumu. Matundu ya flanji yaingie kwenye stadi bila kupigwa nyundo. Yakipishana, usitafute nguvu, tafuta sababu: hanga imepinda, au sailensa imezunguka kwenye klampu. Kwenye NQR hii sailensa ilikuwa imegeuka kiasi cha upana wa kidole. Nilipoirudisha, paipu iliteleza mahali pake kwa sauti ndogo ya chuma kugusa chuma.

Anza na nati usiyoiona. Hii ndiyo hatua inayorukwa. Ukiiacha iwe ya mwisho, zile nyingine zitakuwa zimekwisha kuilaza flanji upande wao na stadi ya ndani haitakaa katikati ya tundu. Ianze wakati paipu bado inacheza.

Mimi nafanya hivi. Nachukua soketi ndefu ya 14, natia kipande cha karatasi ndani ili nati ikae imebanwa na isidondoke, uso wake ukiwa usawa na mdomo wa soketi. Yunivaso, kile kiungo cha soketi kinachokunja kona, naizungushia utepe wa umeme mara tatu: bado inakunja, lakini hailegei na kuangusha kichwa. Nyuma yake ekstensheni ndefu, yaani fimbo ya kurefushia soketi, bila racheti, ule mpini wa kukazia. Nazungusha kwa vidole tu. Nikifika kwenye stadi, naizungusha kwanza kinyume, kama ninayefungua, polepole, mpaka nisikie nati imeshuka kidogo, tik. Unausikia mshtuko huo kwenye vidole kuliko masikioni. Hapo uzi umekutana na uzi. Ndipo nageuza na kufunga mizunguko mitatu. Ikikataa kabla ya hiyo mitatu, rudi nyuma uanze tena. Racheti haina hisia, ndiyo iliyopindisha nati ya yule aliyenitangulia.

Kama soketi haipiti, tafuta spana kuukuu ya ring ya 14, uikate nusu, uipashe moto na kuipinda ifuate kona. Ninayo moja yenye umbo la shingo ya bata, na siiazimishi.

Nati zote zikiwa na mizunguko mitatu, zifunge kwa kupishana, kidogo kidogo, mpaka flanji ilale sawa. Usizikaze. Sasa ondoa jeki. Flanji ikisogea au ikifunguka upande mmoja, uzito bado uko kwenye turbo, rekebisha hanga. Ikitulia, kaza turbo kwanza kwa kupishana, halafu klampu, na hanga mwisho, kila kimoja mahali kilipojikalia. Kwa stadi ya M10 nguvu ya kukazia mara nyingi huwa kati ya 40 na 50 Nm kwenye spana ya kipimo, lakini kitabu cha injini yako ndicho chenye kauli. Kama paipu yako ina kipande cha kunyumbuka, kisiwe kimevutwa wala kusokotwa. Acha nafasi ya vidole vitatu kati ya paipu na nyaya au mipira, na umwombe mtu akanyage mafuta huku ukitazama injini inavyojitikisa, kama nafasi hiyo bado ipo.

Jaribu ukiwa nje, si ndani ya banda. Injini ikiwa bado baridi, mtu azibe nusu mdomo wa ekzosi kwa gunia lililoloweshwa, nawe unyunyize maji ya sabuni kwenye flanji. Mapovu yatakuonyesha. Fanya haraka kabla chuma hakijapata joto.

Yule mzee alilipeleka lori hadi Mau Summit likiwa na mzigo, akalirudisha jioni. Hatukuligusa. Asubuhi, chuma kikiwa baridi kabisa, nilipitisha spana kwenye nati zote. Za juu hazikusogea. Ile ya ndani ilikubali kama robo ya mzunguko, kisha ikasimama. Nilipitisha kidole kuzunguka flanji, kikatoka bila masizi, nikamshushia mzee kebini yake. Alikuwa na viazi vya kufikisha Kisumu kabla ya giza.