Somo: Kazi ya wakala isikuache mikono mitupu

Wewe unayeajiriwa kupitia wakala, leo uko EPZ (eneo la viwanda vya bidhaa za kuuza nje) Athi River, mwezi ujao ghala la Mombasa Road, somo hili ni lako. Anayekulipa siye anayekuona ukifanya kazi. Ndiyo maana mtu hukaa kazini miaka na asiwe na karatasi hata moja ya kuonyesha.

Hatua ya 1. Mjue mwajiri wako. Soma jina lililo kwenye mkataba: ni la wakala au la kiwanda? Chukua nakala siku hiyohiyo ya kutia sahihi.

Hatua ya 2. Weka daftari la kazi. Hapa ndipo penye uzito. Usiandike "nilishona". Andika: ovaloki, mikono na mbavu za shati, tageti ya saa ilikuwa vipande vingapi, wewe ulifikisha vingapi, supavaiza alikuwa nani. Ukihamishwa kitengo, fungua ukurasa mpya. Kwenye intavyu, anayesema "nimeshona kola miezi minne, kisha nikapelekwa kukagua kwoliti" anasikilizwa kama fundi. Anayetaja jina la kampuni tu anachukuliwa kibarua kama wengine.

Hatua ya 3. Dai cheti cha utumishi kila mkataba unapoisha. Ni haki yako kwa kifungu cha 51 cha Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007, mradi umetimiza wiki nne mfululizo. Huandikwa aina ya kazi, mahali, na tarehe za kuanza na kumaliza. Kukusifu si lazima, kwa hiyo barua ya sifa muombe supavaiza wa kiwandani kabla hujaondoka, angali anakukumbuka.

Hatua ya 4. Fanya mtihani wa ufundi wa NITA (mamlaka ya taifa ya mafunzo ya viwandani), uanzie Gredi ya III, ambayo ndiyo ya chini. Unapima ujuzi, hata ule ulioupatia kazini.

Hatua ya 5. Kagua michango yako ya NSSF (akiba ya uzeeni). Namba ni ileile hata ukibadilisha wakala.

Maswali ya wanachama

*Nalipwa kwa siku, na nimefanya miezi mitatu bila kukatika. Bado mimi ni kibarua?*

Hapana, ndugu. Kwa kifungu cha 37 cha sheria hiyohiyo ya ajira, ukishafanya mfululizo siku zinazofika mwezi mmoja, ajira yako huhesabiwa kuwa ya mshahara wa mwezi, na kukuachisha kunahitaji notisi. Ila siku hizo utaulizwa uzithibitishe. Usifute meseji za M-Pesa za malipo.

*Wakala ananituma kiwandani nikachukue cheti, kiwandani wananirudisha kwa wakala. Nifanyeje, dada?*

Aliye kwenye mkataba ndiye anayedaiwa. Muandikie barua, nakala yako ipigwe muhuri wa kupokelewa. Akinyamaza, ipeleke ofisi ya leba. Kukunyima cheti kwa makusudi ni kosa lenye faini hadi shilingi 100,000, kifungo hadi miezi 6, au vyote viwili.